Jogoo Aliyeangalia Ukuta

Mama ndiye aliyempa jina la Cherehani, wala hakumpa kwa sababu ya kushona. Kushona hakujua. Ni kwa ajili ya mguu wake wa kulia, ambao tangu utotoni haukukubali kutulia chini ya meza. Ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, mpaka vikombe vikalia kwenye visahani. "Cherehani," Mama alikuwa akisema bila kuinua macho, "nguo yenyewe iko wapi?" Watu wakacheka, jina likaganda, na sasa hata kazini, kwenye stoo ya vipuri, hakuna aliyemwita vinginevyo.

Tangu Mama afariki, mwili mzima ulikuwa umefuata tabia ya mguu. Alianza kuosha vyombo akaviacha na sabuni, akaenda kufagia, akauacha ufagio mlangoni, akatoka mpaka getini bila kujua alifuata nini. Chai ilipoa mikononi mwake. Kazini walimpa likizo walipomwona anapanga upya boliti ambazo alikuwa amezipanga jana yake.

Jambo lililomkosesha raha zaidi ya yote lilikuwa chumbani kwa Baba.

Baba alikuwa dereva wa lori mpaka alipostaafu. Hata kitandani alikuwa na upande wake, wa kulia, upande wa dereva. Mama alilala upande wa dirisha na kujiita utingo. "Wewe endesha," alikuwa akimwambia akizima taa, "utingo wako nipo, naangalia matairi." Sakafuni, upande wa dereva, Mama alitandika zulia dogo alilolishona mwenyewe kwa matambara juu ya gunia, lenye picha ya jogoo mwekundu. Unyoya mmoja wa mkia ulikuwa wa bluu, kwa sababu kitambaa chekundu kilimwishia akakata kipande cha ovaroli ya Baba. Baba akikaa ukingoni mwa kitanda, jogoo alisimama wima miguuni pake, mdomo ukielekea mlangoni, yaani kushoto kwake, kule miguuni pa kitanda. Mama alikuwa na maelezo yake: dereva huamka gizani, hajui kama yuko nyumbani au yuko safarini. Akikanyaga matambara atajua yuko kwake, na jogoo atamwonyesha mlango.

Siku za msiba, majirani waliosafisha chumba walilikuta zulia limelowa dawa, wakalitupa pamoja na godoro kuukuu. Hakuna wa kulaumiwa. Lakini Baba hakushuka tena kitandani mwenyewe. Kila asubuhi Cherehani alisimama mlangoni akamwona: mzee anaketi, ananing'iniza miguu, anapapasa sakafu kwa vidole kama mtu anayetafuta kandambili gizani, kisha anairudisha miguu chini ya shuka. Daktari alimpima akasema miguu ni mizima. Akivutwa mkono, alitembea. Mwenyewe, hapana.

Kaka yake mkubwa, aliyeishi mji mwingine, alipiga simu.

"Jumapili asubuhi nakuja na gari. Baba namchukua, nyumba tunaifunga."

"Baba hataki kuondoka."

"Amesema?"

"Hajasema."

"Sikiliza. Nikimkuta anashuka kitandani mwenyewe, namwacha, na wewe nakuomba radhi. Kama bado anavutwa kama gunia, tunaondoka naye. Na wewe hujiwezi, Cherehani. Hata kwenye simu nakusikia unavyotembea."

Alikuwa kweli anatembea, kutoka jikoni hadi sebuleni na kurudi. Ndipo mke wa kaka akaichukua simu.

"Wifi, huko kwenu kuna fundi anafundisha kutengeneza mazulia, wanaoanza kabisa. Ijumaa na Jumamosi. Nimekwisha kukuandikisha. Ukitoka hapo na zulia, mtandikie Baba. Ukitoka bila zulia, angalau utakuwa umekaa mahali pamoja."

"Kukaa ndiko nisikokuweza, wifi."

"Basi simama. Wanafanya wamesimama."

Darasa lilikuwa katika chumba kirefu nyuma ya duka la magodoro. Fremu za mbao zilikazwa kwenye meza, karibu na ukuta kiasi kwamba mtu hakuweza kupita nyuma yake. Juu ya kila fremu kitambaa kigumu kilikuwa kimewambwa kama ngozi ya ngoma. Fundi, mama mmoja mnene mwenye vipande vya uzi nyweleni, alikigonga kwa ukucha.

"Kikilia, kiko tayari. Kikinyamaza, tunakaza tena."

Wanafunzi walikuwa wanne. Kulikuwa na wasichana wawili wa chuo waliopigana picha hata kabla ya kuvua mikoba, na mwanamume mmoja kinyozi, aliyetaka zulia lenye picha ya mkasi la kuweka mlangoni pa kibanda chake. Wa nne ni Cherehani, aliyesimama karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuulizia njia.

Fundi akainua mashine. Ilikuwa na mpini na kitufe cha kubonyeza kwa kidole, sindano nene mbele na mkasi mdogo nyuma ya sindano.

"Umbo lake la bunduki, lakini asije mtu akaninyooshea. Sindano inauingiza uzi, mkasi unaukata. Unakandamiza mpaka mashine iguse kitambaa, halafu unapanda nayo taratibu. Usipokandamiza, uzi unadondoka chini."

"Nywele sakafuni," kinyozi alisema. "Hapo mimi niko kazini."

"Ukiikimbiza, inatoboa tundu," Fundi akaendelea. "Sasa, kuhusu kuchora, nisikilizeni vizuri."

Hapo ndipo mguu ulipoanza. Kuta zilisogea karibu. Cherehani aliviona vidole vya Baba vikipapasa sakafu, akasema "Samahani" kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia, akatoka. Alikwenda mpaka mwisho wa korido, akarudi, akaenda tena. Akampigia simu jirani aliyemwachia mzee.

"Amekula?"

"Amekula, mwanangu. Amejilaza."

"Upande gani?"

"Ule ule. Yuko ukingoni kabisa, utadhani kuna mtu anamsukuma."

Aliporudi, wenzake walikuwa wanachora. Wasichana walikuwa wamezipachika karatasi zao kwenye kioo cha dirisha, wanazigeuza mbele nyuma. Akadhani ni mambo yao ya picha. Yeye hakuhitaji karatasi. Alichukua kalamu ya wino mzito akamchora jogoo moja kwa moja juu ya kitambaa, kama alivyomjua: kifua mbele, mkia umeinuka, mdomo kushoto.

Kinyozi alichungulia. "Huyu anaelekea wapi, dada?"

"Mlangoni."

"Afike salama."

Kisha mashine zikaunguruma, na hakuna aliyeweza kusikia utani wa mwenzake. Ya Cherehani ilimtetemesha mikono mpaka mabegani. Ilitaka mikono yote miwili, macho yote mawili, na miguu iliyojikita. Alipojaza kifua cha jogoo, mstari juu ya mstari, hakujua kwamba mguu wake ulikuwa umetulia. Kulikuwa na kitu kingine chumbani kilichotetemeka kuliko yeye.

Mchana haraka ikamrudia. Aliipandisha mashine mbio, kitambaa kikachanika penye shingo. Fundi akaja na kiraka na gundi.

"Unakimbilia wapi?"

"Jumapili."

"Jumapili haina miguu, itakungoja. Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Akakishikilia kiraka kwa kidole gumba. "Ni la nani?"

"La baba yangu. Asipolikanyaga, wanamchukua."

Fundi hakuuliza wanaomchukua ni akina nani. Alisimama naye mpaka shingo ikajaa. Jioni, jogoo mzima akiwa amejaa, pamoja na unyoya wake wa bluu, wakapaka gundi na kuiacha ikauke usiku kucha.

Jumamosi Fundi alikata kitambaa kutoka kwenye fremu, moja baada ya nyingine, akakigeuza kila mtu aone alichokishona. Wasichana walipiga kelele za furaha. Mkasi wa kinyozi ulikuwa mnene kama koleo, naye aliridhika. Kisha jogoo akageuzwa.

Alikuwa mzuri. Alikuwa mwekundu kama pilipili, manyoya yamesimama. Na mdomo wake ulielekea kulia.

"Anaangalia wapi huyu?" Cherehani aliuliza.

Fundi alimtazama jogoo, kisha akamtazama yeye. "Si nilisema jana? Unakoshonea ni mgongoni mwa zulia. Uso uko upande wa pili. Ndiyo maana mchoro lazima ugeuzwe kwanza."

"Nilikuwa nje."

"Mimi nilipomwona nikasema ni jogoo, anaweza kuangalia popote."

"Huyu hawezi. Kwa Baba, upande huo ni ukuta."

"Si ulizungushe zulia lenyewe?" kinyozi aliuliza.

"Nikilizungusha, miguu itakuwa juu. Mzee ataamka akute jogoo aliyekufa."

Hakuna aliyecheka. Fundi akasema angeweza kumpokea tena Jumatatu, bila malipo, waanze upya. Lakini wote walijua Jumatatu iko upande gani wa Jumapili. Kinyozi akaichukua mashine ndogo ya kusawazishia nyuzi, akapiga magoti mbele ya zulia.

"Mlete nimnyoe. Kama ataangalia ukuta, aangalie akiwa nadhifu." Akapunguza upanga wa kichwani mwa jogoo taratibu, akapuliza vumbi. "Jogoo wa mjini, mba tele."

Jumapili alfajiri Cherehani alizunguka sebuleni na zulia kwapani. Alilifungua, akalikunja, akaliweka nyuma ya kochi, akalitoa tena. Mwisho aliingia chumbani kwa Baba kama mwizi, akalitandika upande wa dereva, akasimama mlangoni.

Baba aliamka. Akaketi, akaishusha miguu, vidole vikaanza kupapasa. Vikagusa sufu. Vikasimama.

Mzee akainama akatazama kwa muda mrefu.

"Anaangalia ukuta," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Wa mama yako hakuangalia ukuta."

"Najua. Nimemkosea. Fundi alipokuwa anafundisha, mimi nilikuwa nje, natembea."

"Unatembea."

"Ndiyo, Baba."

Mzee akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akairudisha yote chini ya shuka. Cherehani akaja akapiga magoti kulikunja zulia haraka, kwa kuwa kule barabarani alikuwa amesikia gari likipunguza mwendo na hakujua kama ni lenyewe.

Godoro lililia. Alipoinua kichwa, Baba alikuwa anasogea. Alisogeza nyonga, akaegemea mkono, akasogeza nyonga tena. Aliivuka katikati ya kitanda, akapita mahali ambapo tangu msiba hakuna aliyethubutu kuweka hata nguo iliyopigwa pasi, akaupita mto wa Mama, akafika upande wa dirisha. Akaketi kule, mgongo umemwelekea binti yake.

"Lete huku."

Cherehani alizunguka kitanda, akalitandika chini ya dirisha. Baba akatazama. Kutoka pale alipoketi, jogoo alisimama wima, miguu chini, kichwa juu, na mdomo wake ulielekea mlangoni.

"Umeona?" Baba alisema. "Huyu si wa dereva. Huyu ni wa utingo."

Akaweka mguu mmoja juu ya zulia, akausugua kidogo, akaweka na wa pili. Akabaki hivyo.

"Miaka yote," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "huku sakafu ilikuwa tupu. Alikuwa anakanyaga baridi kila siku. Mimi nina zulia, yeye hana. Wala hakusema."

Cherehani pia, katika kumchora jogoo yule kwa kumbukumbu, hakuwahi kukumbuka miguu ya Mama ilishukia wapi.

Honi ililia getini.

"Nani?"

"Kaka. Amekuja kukuchukua."

"Kunipeleka wapi?"

"Kwake. Alisema akikuta unashuka mwenyewe, atakuacha."

Baba akashika ubao wa dirisha, akasimama. Alisimama juu ya jogoo, na Cherehani akajizuia kwa nguvu zake zote asimkimbilie. Ili asimkimbilie, aliketi upande wa dereva.

"Mwambie apite sebuleni," mzee alisema. "Nakuja. Na aweke maji ya chai, asije hapa kukaa kama mgeni."

Lakini Cherehani hakuinuka mara moja. Mguu ulikuwa umeanza, na kitanda chote kilitikisika, na glasi juu ya kabati ikalia taratibu kwenye sahani yake.

"Cherehani," Baba alisema bila kugeuka, "nguo yenyewe iko wapi?"

"Umeikanyaga, Baba," alijibu, na honi ikalia mara ya pili.