Jezi Zilizokatazwa Newala

Mtu aliyetaka mihogo ya kukaanga bila maneno, pale sokoni Masasi, alijua aende kwa muuzaji mwingine. Kwa Sikudhani ulipewa vyote viwili.

"Timu yetu haina winga wa kushoto," angeanza, huku akigeuza vipande kwenye karai. "Ina mtu anayesimama kushoto. Nikolao yule! Mpira ukimfikia anashtuka kama ameitwa mahakamani."

Wateja walicheka, naye akaendelea. Kutoka kwa Nikolao alihamia kwenye bei ya korosho, kutoka korosho akaingia kwenye siasa, na kote huko alitembea kwa mwendo ule ule. "Wazungu wametuletea matrekta Nachingwea, wamefyeka msitu mzima, na karanga walizopata hazifiki za shangazi yangu wa Chiwata mwenye jembe moja. Halafu hao hao ndio wanatuambia tusubiri, hatujaweza kujitawala!"

Sikudhani, au Mama Stamili kama walivyomwita kwa jina la bintiye wa kwanza, alikuwa ameanza mambo ya mpira utotoni. Kaka zake walicheza kwa mpira wa matambara nyuma ya nyumba, na kwa kuwa hawakutosha, yeye ndiye aliyekaa golini. Alidaka mpaka alipovunja ungo, mama yake akamwambia sasa basi. Mikono ikaacha kudaka. Mdomo haukuacha kucheza. Mumewe Rajabu, mtu mpole mwenye shamba la mikorosho, hakuupenda mpira wala hakuwa na maoni juu ya jambo lolote lisilo mvua.

Mwaka ule wa hamsini na tisa, korosho zilipoanza kuanguka, Masasi ilifungwa nyumbani na Newala mabao mawili kwa moja. Sikudhani alikosa usingizi. Kwa hiyo, iliposikika kwamba mechi ya marudiano ingechezwa Newala Jumamosi, na kwamba mfanyabiashara mmoja alikuwa ametoa lori lake, alijitokeza asubuhi na mapema akiwa na beseni kichwani.

Katibu wa timu, Bwana Cecil, kijana aliyesoma misheni na kupenda kuvaa tai hata kwenye vumbi, alimzuia mlangoni pa lori.

"Mama Stamili, lori hili ni la wachezaji na kamati tu."

"Kamati inakwenda kufanya nini?"

"Kusimamia."

"Wachezaji wanacheza, kamati inasimamia. Na kushangilia mmempa nani?"

Cecil akageuka kutazama ndani ya lori kama vile angemwona mtu huyo. Wakati huo harufu ya mihogo ilikuwa imekwisha kuwafikia wachezaji.

"Mwache apande, Katibu," alisema Dastani, kipa na kapteni, jitu refu lisilopenda mabishano. "Tutasogeleana."

Basi akapanda. Njia nzima hadi kwenye mwinuko wa nyanda za Wamakonde alimweleza kila mchezaji makosa yake ya mechi iliyopita, mmoja baada ya mwingine, akiwapa muhogo kila alipomaliza ili wasikasirike. Lori lilipoanza kupanda mlima lilinguruma, likakohoa, likasimama, na wote wakashuka kulisukuma, Sikudhani naye akisukuma na kusema. Walipofika juu, upepo wa baridi uliwapiga usoni, mikorosho ikawa imejipanga pande zote mbili, na kwa mbali wakasikia ngoma.

Newala yote ilikuwa uwanjani. Watu walikaa chini, walisimama, walipanda juu ya miti. Wenyeji walikuwa wamevaa jezi nyeupe zilizofuliwa zikang'aa. Ndipo Cecil alipofungua mfuko wake kwa fahari na kutoa jezi mpya za Masasi, ambazo hakuna aliyekuwa ameziona bado. Zilikuwa za kijani, kola nyeusi, na mikono yenye ukanda mweusi. Wachezaji wakazivaa, wakaingia uwanjani.

Uwanja ukalipuka. Kijani na nyeusi! Hakukuwa na mtoto asiyejua rangi hizo ni za nani. Akina mama walipiga vigelegele. Mtu mmoja akapaza sauti, "TANU!" na wengine mia wakamjibu.

"Kilikuwa kitambaa pekee kilichobaki dukani," alisema Cecil akirekebisha tai yake. Sikudhani alimtazama kwa jicho jipya. Kumbe katibu naye alikuwa mtu!

Lakini kelele zile zilimfikia pia msaidizi wa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, Mzungu kijana aliyekuwa amekaa kwenye kiti kivulini na tarishi wake. Alikuja uwanjani kwa hatua ndefu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, jambo lililofanya iwe vigumu zaidi kujifanya hukumwelewa.

"Hizi ni rangi za chama cha siasa," alisema. "Mkutano wa siasa una kibali chake. Leo kibali ni cha mpira."

"Bwana, ni kitambaa tu," alisema Cecil.

"Vaeni kingine."

"Hatuna kingine, bwana. Tulizokuja nazo ndizo hizi."

"Basi jezi hizi hazitavaliwa katika uwanja huu. Hilo ndilo neno langu la mwisho."

Dastani aliwatazama wenzake, akasema taratibu, "Turudi nyumbani." Wakaanza kuelekea kwenye lori. Watu wakaguna, wakazomea, wengine wakaanza kusimama, na tarishi akashika fimbo yake vizuri zaidi.

Sikudhani alikuwa amesukuma lori mlima mzima kwa ajili ya mechi hii. Alifikiria kurudi chini bila hata mpira kupigwa, akaona ni heri afe hapo hapo. Alisimama, akaweka mikono mdomoni, akapiga kelele ambayo hata yeye hakujua anayo.

"Dastani! Vua!"

Watu wakaangua kicheko. Dastani akageuka.

"Vueni nyote! Amekataa jezi, hakukataa vifua! Kifua hakina chama!"

Kicheko kikazidi, kisha kikageuka kuwa mngurumo. Dastani akalivuta vazi lake juu ya kichwa, akabaki kifua wazi. Wa pili akavua, wa tatu akavua, mpaka Masasi nzima ikawa imesimama pale na kaptula tu. Mzungu alifungua mdomo, akatafuta sheria iliyovunjwa, hakuipata. Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: kapteni wa Newala, bila kumwambia mtu yeyote neno, akavua jezi yake nyeupe akaitupa chini. Wenzake wakamfuata.

Sikudhani alisikia machozi yakimtoka, akayafuta haraka kwa ncha ya khanga asionwe na adui.

"Sawa! Sawa!" alipaza sauti refa, Mwalimu Stefano wa Lukuledi, mtu mwenye haki lakini mwenye wasiwasi. "Mmependeza. Sasa nitawajuaje?"

Wote ishirini na wawili walifanana. Ndipo mama mmoja wa makamo aliyekaa karibu na Sikudhani akainuka akasema, "Nyumba yangu ile pale. Unga wa muhogo ninao. Wageni wapakwe, wenyeji tunajuana."

Akaenda, akarudi na ungo uliojaa. Wachezaji wa Masasi wakapakana unga vifuani na migongoni huku watu wakicheka hadi kushika mbavu. Mama yule akarudi kukaa.

"Shikamoo, mama," alisema Sikudhani. "Asante sana."

"Marahaba, mwanangu. Usinishukuru, leo tunawafunga tena. Mimi Kibibi, mama yake Alfani. Yule pale mwenye miguu ya matege ndiye Alfani."

"Miguu ya matege haifungi, mama."

"Subiri uone."

Hakusubiri sana. Kabla hata mchezo haujachangamka, Alfani alipokea mpira, akawapita wawili, akaupiga chini chini, ukampita Dastani. Goli! Kibibi aliruka akampiga Sikudhani begani kwa furaha. Sikudhani alijisugua bega, akamgeukia.

"Mnatufunga kwenye mpira," alisema, "lakini maji hamna."

"Bomba limekuja!" alisema Kibibi kwa ukali.

"Linatoa?"

"Linatoa linapojisikia." Kibibi akacheka mwenyewe. "Nyie nanyi, mizani ya korosho huko kwenu ikoje? Ya mnunuzi wetu huku ni kiwete. Ukiweka gunia haipandi."

"Basi ni ndugu yake na ya kwetu. Mama, hili jambo ni moja tu: tuwe na chama chetu cha ushirika, tupime wenyewe, tuuze wenyewe."

"Na atakayeshika mizani nani?"

"Mimi na wewe!"

"Hapo umesema," alijibu Kibibi, kisha wote wawili kwa pamoja wakapiga kelele, mmoja akitaka kona na mwingine akikataa.

Kipindi cha pili ndipo vurugu ilipoanza. Jasho lilikuwa limeusomba unga. Watu walianza kupasiana na maadui zao. Beki mmoja wa Newala alimpokonya mpira mwenzake mwenyewe akashangiliwa, halafu akazomewa. Mwalimu Stefano alikuwa akikimbia huku amekodoa macho kama mtu anayetafuta sindano.

Nikolao, kama kawaida yake, alikuwa amesimama kushoto. Hakuwa amegusa mpira tangu mechi ianze. Unga wake wote ulikuwa umekwisha, na kwa vile alisimama tu katikati ya mabeki wa Newala kwa utulivu, walikwisha kumzoea. Beki mmoja akasumbuliwa, akatazama huku na huku, akamwona mtu ametulia, akampasia.

"Nikolao!" alipiga kelele Sikudhani. "Ni wako! Usishtuke!"

Nikolao alishtuka. Lakini aliposhtuka mguu ulitupwa mbele, mpira ukaruka juu, ukamzidi kipa, ukaingia.

Ilikuwa kana kwamba mlima umeanguka. Sikudhani alikimbia mpaka mstarini, akarudi, akakimbia tena. Wenyeji waliingia uwanjani wakamzunguka refa. Wakasema goli si halali, mfungaji hakuwa na alama, amejificha kama mwizi.

"Jasho si kosa, Mwalimu!" alipaza sauti Sikudhani. "Ni sheria gani inayokataza mtu kutoka jasho?"

Mwalimu Stefano alimwita Nikolao. Akamkagua kifua, hakuna kitu. Akamgeuza, akamkagua mgongo, hakuna kitu. Kisha akamwinua mkono, akachungulia kwapani, akapiga firimbi na kunyoosha kidole katikati ya uwanja.

"Unga upo!"

Hata Mzungu, aliyekuwa amesimama bila kujijua, alipiga makofi mara kadhaa kabla ya kukumbuka kiti chake.

Zilipobaki dakika chache Newala wakapata penalti. Masasi walikuwa wamepakwa unga upya, mwingi mno. Alfani ndiye aliyeweka mpira chini. Kibibi alimshika Sikudhani mkono akaubana, naye Sikudhani akaubana wa Kibibi, na kila mmoja akaomba dua yake. Alfani akapiga kwa nguvu zake zote. Dastani hakuruka upande wowote. Mpira ulimgonga kifuani, unga ukafuka kama moshi, na kwa muda hakuna aliyeona kitu. Wingu liliposhuka, Dastani alikuwa amelala chini, ameukumbatia mpira.

Firimbi ya mwisho ilipolia matokeo yalikuwa bao moja kwa moja, lakini Masasi walibebana kama waliochukua kombe. Kibibi alikaa chini akapiga mchanga kwa viganja, kisha akaanza kucheka.

"Mwanangu atalala bila kula leo," alisema. "Njoo tena. Sijamaliza kukubishia."

"Na mimi sijamaliza, mama."

Kisha wachezaji wakapanda lori, na Dastani akaichukua jezi yake ya kijani, akaipunga juu ya kichwa chake. Kuvaa walikatazwa, kupunga hawakuambiwa. Jezi zote zikainuka. Lori likapita polepole katikati ya Newala, kijani na nyeusi zikipepea, vijana wa Newala wakikimbia pembeni, akina mama wakipiga vigelegele, na safari hii neno lililotoka halikuwa jina la timu yoyote. "Uhuru! Uhuru!" Msaidizi wa Bwana Shauri alisimama akiitazama miti ya goli kwa makini sana, mpaka lori likapita.

Jumatatu soko zima la Masasi lilimjia Sikudhani kusikia habari. Walikuta karai linachemka, na Sikudhani amekaa nyuma yake, hana sauti. Ilikuwa imekwisha yote kule mlimani. Alipofungua mdomo ilitoka pumzi tu. Kando yake alikaa Rajabu, aliyekuwa ameacha shamba siku hiyo kwa kumhurumia. Mke alimnong'oneza sikioni, naye akawatangazia watu.

"Anasema refa alikuwa sahihi."

Watu wakaguna kwa kuridhika.

"Anasema mizani ya korosho ibadilishwe, Newala na Masasi."

"Kweli kabisa!"

Kufikia mchana Rajabu alikuwa amesimama. Mikono yake ilikuwa ikienda huku na huku, akieleza penalti kana kwamba alikuwepo. Mtu mmoja akauliza kuhusu winga wa kushoto, na Sikudhani akainama haraka kumnong'oneza. Lakini Rajabu hakungoja.

"Nikolao aachwe pale pale!" alitangaza. "Asiguswe! Mtu anayejua kusimama ni mali!"

Watu wakampigia makofi. Sikudhani alimtazama mumewe, macho yamemtoka, kisha akanyakua upawa akaanza kumpinga kwa ishara za mikono yote miwili.