Viti vya Bei ya Undugu

Jumanne asubuhi Mama Randa alifungua karakana, akafagia maranda ya jana, akabandika kopo la gundi jikoni ipate moto, kisha akachukua penseli bapa ya useremala na kuandika ukutani, juu ya benchi la kazi, vitu vyote vinavyoingia kwenye kiti kimoja. Mbao. Misumari. Gundi. Msasa. Vanishi. Umeme. Kodi. Mshahara wa fundi. Mwishoni kabisa, baada ya kusita kidogo na kulamba ncha ya penseli, aliandika: Mimi.

Neno hilo alitoka nalo kwenye semina ya wenye biashara ndogo, katika ukumbi wenye viti vya plastiki ambavyo alivikalia kwa shingo upande. Mshauri wa biashara, binti mwembamba mwenye mafua, aliwauliza: "Mwenye biashara analipwa na nani?" Muuza maziwa akajibu kwamba yeye analipwa na Mungu, ukumbi ukaangua kicheko. Mshauri alipenga kamasi, akaendelea. "Kama jasho lako halimo kwenye bei, basi wewe ndiye unayemlipa mteja akubebee mali yako."

Mama Randa alirudi nyumbani na maneno hayo yakimkereketa. Tangu mumewe afariki alikuwa akimlipa fundi, akimlipa mwenye mbao, akilipa hata choo cha mtaa. Yeye mwenyewe alikula kilichobaki, na mara nyingi hakikubaki. Ndugu wa mume walinunua kwake kwa bei ya undugu, yaani bei ya mbao tu. Kazi ya mikono ilihesabiwa kuwa salamu.

Maandishi yalikuwa bado mabichi ukutani wakati kiti cha kwanza kiliporudi. Kilikuja kando ya barabara, kikampisha mwendesha baiskeli, kikaruka mtaro wa maji machafu na kuingia karakana, kikasimama karibu na mlango.

"Hiki si cha wifi yako?" aliuliza fundi wake, mtu mzima aliyeitwa Msasa kwa ulimi wake unaokwaruza.

"Ndicho."

"Kimekuja kwa miguu."

"Si kina minne," alisema Mama Randa.

Alikipindua akakagua viungo. Kilikuwa kimetoka mtaa wa pili, juu ya kokoto, na hakuna kilicholegea hata unywele. Alikirudisha chini taratibu. Alijivunia kiti kile waziwazi, kama mama anayemwona mwanawe akipanda jukwaani kupokea zawadi.

Hadi jioni vilikuwa vimerudi vingi. Stuli ya jirani aliyejiita ndugu ilikuja mbio. Kabati la shangazi wa marehemu lilikuja polepole, kwa adabu, sahani zikiwa bado ndani na hakuna iliyovunjika. Benchi la duka la dawa, lililolipiwa bei kamili, lilibaki dukani likikaliwa na wagonjwa, na kwa hilo mtaa mzima ukaelewa mambo yalivyo. Wenye mali wakaja kuchukua vyao. Hakuna aliyeuliza kiti kinatembeaje, na hakuna aliyetaja kuongeza chochote. Walipita kwa muuza kamba wakanunua kamba za kuvifungia. Muuza kamba hakuwa na bei ya undugu, hata kwa mama yake mzazi.

Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, alinunua mnyororo. Yeye ndiye aliyebeba vingi kuliko wote: kitanda, meza ya kulia, na seti nzima ya viti vya sebuleni. Yeye pia ndiye aliyeitisha kikao cha ukoo Jumamosi, nyumbani kwake, ajenda ikiwa moja: kuuza karakana. Kiwanja kilikuwa bado kwa jina la baba yao, na kikao kikikata shauri, hakuna wa kukipinga.

Mama Randa hakulala vizuri wiki ile. Karakana ilikuwa imewasomesha watoto wake. Zaidi ya hapo, ndiyo mahali pekee duniani ambapo mikono yake ilijua la kufanya bila kuamriwa na mtu, na aliogopa kuamka siku moja akiwa na mikono isiyo na pa kwenda.

Jumamosi aliwakuta wote wameketi. Viti vilikuwa vimefungwa mnyororo mmoja, kufuli likining'inia kwenye nondo za dirisha. Vyote alivitengeneza yeye, na hakikubaki hata kimoja cha kumkalisha. Akasimama mlangoni.

"Tuko hapa," alianza shemeji, "kwa sababu karakana ya marehemu haina faida. Tumempa mama watoto muda wa kutosha. Biashara si mchezo wa kila mtu."

"Faida ipo, shemeji," alisema Mama Randa. "Mmeikalia."

Shangazi akakohoa. "Mwanangu, undugu ni kufaana."

"Mimi nimewafaa, shangazi. Haya, nani amenifaa mimi?"

Viti vikainuka. Nondo za dirisha zilitoka ukutani na kipande kidogo cha plasta, mnyororo ukakatika, na viti vikatoka mlangoni kimoja kimoja na watu wake juu. Shangazi alikumbatia mkoba. Wifi aliomba apitishwe upande wa kivuli, akapitishwa. Shemeji hakupenda kukatishwa ajenda, hivyo aliendelea kueleza hasara za useremala njia nzima, akinyamaza tu kuitikia salamu za wapita njia.

Mama Randa alitembea nyuma yao, macho kwenye miguu ya viti. Walipanda mwinuko. Walivuka mtaro. Ba'mdogo wa marehemu, ambaye mizani ya zahanati ilikwisha kumkataa, alikuwa juu ya kiti chembamba kuliko vyote.

"Mnasikia?" aliuliza Mama Randa.

"Tunasikia nini?" alisema ba'mdogo.

"Hakuna kinacholia."

Walisikiliza. Kweli, hakuna kiungo kilicholia. Machozi yalimlengalenga Mama Randa, naye akayaacha, maana hayakuwa ya huzuni.

Viti viliingia karakana vikajipanga kuelekea ukutani. Msasa akapisha. Shangazi akavaa miwani, akasoma orodha kwa sauti tangu mbao hadi mshahara wa fundi, akafika neno la mwisho, akalisoma kimoyomoyo na kuvua miwani.

"Karakana haiuziki," alisema. "Nani atanunua nyumba ambako viti vyetu vinarudi kila kukicha?"

Kikao kiliafiki kwa sababu hiyo, si kwa nyingine. Wakashuka, wakajikung'uta vumbi la mbao. Shemeji alibaki nyuma akipapasa mgongo wa kiti chake.

"Lakini una mkono wa kazi, shemeji."

"Ninao."

"Kijana wangu anaoa. Nitahitaji meza kubwa, ya watu wengi."

Mama Randa alichukua kipande cha mbao, akaandika bei, yote, hadi neno la mwisho la ukutani. Shemeji aliisoma akacheka, mkono wake begani kwa Mama Randa.

"Sasa niambie ya undugu."

"Ndiyo hiyo."

Alicheka tena, akaweka juu ya benchi pesa ya mbao, kama alivyozoea, akaaga vizuri na kutuma salamu kwa watoto. Kupitia mlango ulio wazi walimwona akisimama kwa muuza kamba. Aliipima minyororo kiganjani mmoja baada ya mwingine, akachagua mnene kuliko yote, akalipa bila kuomba apunguziwe.

"Utamtengenezea?" aliuliza Msasa.

Mama Randa alikuwa tayari kwenye rundo la mbao, akizigonga kwa kidole na kusikiliza. Alikuwa akichagua za miguu. Alitenga zilizonyooka na nzito, zile za kutembea mbali.