Watu Wenye Afya

Siku mama alipomwomba daktari amsaidie kufa, nyumba iligeuka bunge. Mama alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa kusema neno mara moja na kunyamaza, na saratani ilikuwa imeshamwingia kwenye mifupa. Kitanda chake kilihamishiwa sebuleni, ati asijisikie mpweke.

"Daktari," alisema, "hii gari haitengenezeki tena. Huna kitu cha kunimalizia?"

Daktari, msichana mwenye sauti ya upole, akajibu kwamba sheria haimruhusu. Akaacha chupa ya dawa ya maumivu, akaondoka.

Basi wiki nzima kila mwenye pumzi akawa na maoni. Kaka mkubwa akasema ni kufuru. Shangazi akasema Mungu hampi mja mzigo asioweza kuubeba. Jirani, aliyekuja kurudisha sufuria tu, akasema subira yavuta heri. Heri gani, jamani? Na wote waliyasema hayo huku wakinywa chai miguuni pa mgonjwa, kana kwamba mgonjwa ni zulia.

Binti wa mwisho, fundi wa friji, hasira zikampanda.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," akawaambia. "Mbwa akigongwa barabarani mnasema mmalizieni masikini asiteseke. Mama yangu mnamhubiria!"

"Kwa hiyo unataka mama auawe?" kaka akauliza.

"Nataka asikilizwe!"

Kesho yake alasiri mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Binti akakimbilia jikoni kutafuta dawa. Aliikuta juu ya kabati, nyuma ya vikombe vya wageni, na chupa bado ilikuwa imejaa karibu hadi shingoni. Kaka ndiye aliyejipa kazi ya kumnywesha mama.

"Kaka, hii dawa unampa saa ngapi?"

"Nampa akizidiwa sana. Kidogo tu. Hiyo ni mofini, mdogo wangu, inazoesha. Sitaki mama awe teja."

"Teja wa miaka mingapi? Mama anakufa, kaka! Unamwekea akiba ya nini?"

 Na ubaya wa mambo ni kwamba kaka hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake sana, na kwa mapenzi hayohayo akamwacha aungue siku zote hizo. Binti alitamani ampasulie kitu kichwani. Badala yake akampigia simu daktari, akaambiwa kila baada ya saa nne, kipimo kamili, alie asilie.

Tangu hapo chupa akaishika mwenyewe. Kabla wiki haijaisha mama alilala fofofo, akaamka, akaomba uji, akamtania kaka kwamba bado anaegesha gari kama mtu anayemwaga mchanga. Kaka alicheka huku machozi yakimtoka.

"Umeona?" akamwambia dada yake. "Hakutaka kufa. Yalikuwa maumivu yale yakisema."

Kwa mara ya kwanza binti alikubaliana naye, na moyo ukamtulia. Akaanza hata kupanga kumletea mama friji ndogo kando ya kitanda, apate maji baridi bila kumwita mtu.

Asubuhi moja, wakiwa wawili tu, mama akamshika mkono.

"Nilipolia mlisema ni maumivu yanayosema. Haya, leo siumwi. Akili zangu ninazo, pengine kuliko kaka yako. Bado nataka kwenda, mwanangu. Nimechoka kugeuzwa na kufutwa, na najua yanayokuja mbele. Niitie yule daktari nimwombe tena. Hata akikataa, nataka safari hii awepo mtu upande wangu."

Binti alikuwa na maneno yote. Si ndiye aliyeyapigia kelele mbele ya watu? Lakini hasira iliyompanda sasa haikuwa juu ya kaka wala juu ya sheria. Ilikuwa juu ya mama mwenyewe. Anatakaje kuondoka wakati anacheka, wakati anakunywa uji? Anamwacha yeye na nani?

"Usiseme hivyo, mama," akasema. "Kunywa uji, unapoa."

Mama akauachia mkono wake.

"Hata wewe," akasema.