Jeneza Lisilokaa Chini

Jumamosi ya mazishi ya Mzee Adomako, akina mama wa kanisa walitwanga fufu, ugali wa mihogo na ndizi, tangu alfajiri, na wabeba jeneza wa kukodi walivaa glavu nyeupe. Walipoliinua jeneza humo kanisani wacheze nalo ngoma, kama ilivyo desturi ya huko, liliwaponyoka mabegani, likapaa, likagota kwenye paa la kanisa, paa alilolijenga marehemu mwenyewe.

"Haya, lishusheni," alisema Mchungaji Amponsah. Wimbo ukaendelea.

Wakalivuta kwa kamba. Wakaliwekea juu medali ya serikali, joho la shahada, na jiwe la msingi lenye jina lake, lililobanduliwa ukutani. Likapaa navyo vyote.

"Jamani, mjomba hana uzito hata kidogo," alisema Ofosu, mpwa wake na mrithi wake, akitazama saa. Wageni kutoka Kumasi walishaanza kuona njaa.

Yaa Dufie alikuwa akitwanga kwenye jiko la kanisa. Hapo ndipo alipokuwa akilala tangu afiwe na mumewe, mdogo wake Adomako. Kwa mila ya kwao mali ya mtu hurudi kwa ukoo wa mama yake, basi Adomako alilichukua shamba la kakao ambalo Dufie alilifyeka akiwa mjamzito. Mila ilimruhusu. Haikumlazimisha, lakini nani aliuliza? Na Adomako alipopooza, wapwa wakamkimbia, ni Dufie huyo huyo aliyemwogesha na kumlisha uji.

Dufie alikuja kuona kulikoni. Akafuta mikono, akaligusa jeneza wabebaji walipolivuta tena kwa kamba, nalo likatulia.

"Kumbe ni hivyo tu," alisema kiongozi wa wabebaji.

Mchungaji alifunua kitabu cha Danieli, pale mfalme anapopimwa katika mizani akaonekana amepunguka. Akakohoa, akahamia Zaburi.

"Mama, tushikie hivyo hivyo mpaka kaburini," alisema Ofosu.

"Na shamba langu, mwanangu?"

"Aa, Mama nawe! Leo msiba. Ya shamba tutaongea."

Dufie akashika. Walipokwisha kufukia, akauondoa mkono, na udongo ukaanza kuumuka; akaurudisha mkono. Ofosu akamletea kiti cha plastiki na sahani ya fufu. Wageni walisema mazishi mazuri kama yale hawajayaona.

Dufie bado yuko pale. Mchungaji humpelekea mkate na divai. Mtu mwingine angekwisha kuinuka zamani, akauacha upepo ufanye kazi yake, na wanawake wenzake walimwambia hivyo waziwazi.

"Upepo utampeleka wapi?" aliwajibu. "Naye ni mtu."

Makaburi yako mlimani, na kutoka kitini shamba lote linaonekana. Mwaka huu kakao imezaa sana. Ofosu akipita na vibarua wake humpungia Dufie mkono. Dufie humpungia pia, kwa mkono mmoja, maana wa pili umeukandamiza udongo.