Mji wa Kupanga

Kwa miaka minne mchoraji alikuwa akijenga mji juu ya mawingu. Ulikuwa mji wa kitabu cha watoto, na kila alipopata mwanya kati ya kazi za watu, nembo za maduka na kadi za harusi, alirudi kwenye kompyuta akauongezea dirisha, ngazi, kamba ya nguo. Nyumba zake zilifungwa kwenye mawingu kwa nyuzi ili zisipeperuke, na paka walitembea juu ya nyuzi hizo bila haraka.

Programu aliyochorea ilikuwa ya kulipia kila mwezi. Mwanzoni hakuona ubaya. Ilikuwa na brashi za kila aina, na mhariri wake, aliyeandika maneno ya kitabu na kuishi mbali, aliweza kuifungua kazi kule kule aliko akaiona inavyokua. Kisha bei ikapanda. Ikapanda tena. Ilipopanda mara ya tatu mchoraji akasema basi, akaacha kulipa, akalala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Mwezi aliolipia ulipokwisha, akaufungua mji asubuhi na mapema. Ukafunguka vizuri tu. Lakini alipotaka kusogeza wingu, halikusogea. Chini kabisa ya kioo cha kompyuta palikuwa na mstari mmoja wa maandishi: unaweza kutazama, huwezi kubadilisha.

Akatazama. Chai ikapoa pembeni. Hakuwahi kuutazama mji ule bila kuugusa, na sasa ulimjia mpya: pazia lililonaswa na mlango, kiatu kimoja kwenye ngazi, taa iliyosahauliwa ikiwaka mchana. Ulikuwa umetulia kama nyumba ya watu waliojilaza baada ya chakula cha mchana. Akajikuta anapumua taratibu, asije akawaamsha.

Mama yake mdogo aliingia na nguo za kukunja. Alihamia pale mwaka ambao dada yake, mama wa mchoraji, alifariki. Alikuwa fundi cherehani mpaka macho yalipomsaliti, lakini ulimi wake ulibaki na makali yale yale.

"Mbona umeduwaa kama mtu aliyefungiwa nje?"

"Ndiyo nimefungiwa, mama mdogo." Akamweleza.

Mama mdogo akaweka nguo kitini. "Ngoja nielewe. Mji umeujenga wewe?"

"Mimi."

"Halafu humo ndani unakaa kwa kupanga?"

"Programu ndiyo ya kupanga. Mji ni wangu."

"Wako, na ufunguo anao mwenye nyumba. Makubwa haya!"

Siku ile ile mchoraji akatafuta programu nyingine, akapata moja ndogo, ya kununua mara moja yakaisha. Akainunua, akauingiza mji. Ukaingia, lakini nyumba, mawingu na paka vilikuwa vimegandana kuwa tabaka moja, kama picha za karatasi zilizonyeshewa. Ukimvuta paka, anakuja na kipande cha paa.

Akajiinamia mezani. Mama mdogo akamsugua mgongo.

"Mwanangu, anayehama habebi nyumba nzima mgongoni. Anafunga kitu kimoja kimoja. Walipe mwezi mmoja wa mwisho, utoe vyako."

Basi wakahama. Siku thelathini, kila alasiri, mchoraji aliitenga nyumba moja na wingu lake, akaihifadhi peke yake, akaipeleka kwenye programu mpya. Kuna mawingu yaliyofika yamechanika, akayachora upya. Mama mdogo alivuta kiti, akasogeza uso karibu na kioo.

"Hapa anakaa nani?"

Mchoraji hakuwahi kufikiria. "Mtu anayetengeneza kengele."

"Na huyu jirani?"

"Haisikii ile kengele."

"Ana bahati."

Siku zikapita hivyo, laini kama pamba. Jua liliteleza sakafuni, sauti za mtaani zikafika zimechujwa na pazia, na mara nyingine mchoraji alipoinua macho hakujua kwa hakika pazia linalopepea ni la chumbani au la mjini kule. Mama mdogo naye alianza kuwataja wakazi wale kama watu aliopishana nao sokoni.

Katika wiki ya nne wakafika mtaa wa mwisho, uliofunikwa na ukungu mzito. Ukungu ule ulichorwa kwa brashi ya programu yenyewe, na mchoraji kila alipojaribu kuutoa, ulitoka kama doa jeupe. Mkono wake ukasita.

"Uondoe tu," alisema mama mdogo. "Nyuma yake kuna nini?"

Mchoraji alijua. Aliumwaga ukungu ule mwezi wa msiba, na hakuugusa tena. Akabonyeza.

Nyumba ndogo yenye mlango wa buluu ikajitokeza. Kizingitini alikaa mwanamke, miguu ameinyoosha, ameinua sindano kwenye mwanga ili apitishe uzi.

Mama mdogo alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Dada," alisema.

Kisha mama mdogo akajifuta macho kwa kiganja.

"Miguu umeikosea. Wa kushoto alikuwa anaukunja."

"Sikumbuki hivyo."

"Utakumbuka wapi, ulikuwa mtoto, umeulalia usingizi. Mrekebishe kwanza, ndipo tumhamishe."

Akamrekebisha. Mguu wa kushoto ulipokunjwa, mwanamke yule akakaa sawasawa, kama aliyepumzika hatimaye, na mchoraji akalia bila kuacha kuchora.

Mhariri alipotumiwa kurasa, moja moja kwa barua pepe maana njia ya zamani ilikwisha, alipiga simu.

"Ukungu umekwenda wapi? Niliupenda sana ule."

"Ulikuwa wa kupanga. Umebaki kwa mwenyewe."

Mhariri akanung'unika kidogo, kisha akauliza yule mwanamke wa sindano ni nani, kwa sababu hakumbuki kuandika habari zake. Mchoraji akamwambia. Kwa ajili yake mhariri akaongeza sentensi mbili.

Alasiri ya kwanza ya mwezi mpya mama mdogo alivuta kiti kama kawaida, ingawa hapakuwa na mzigo uliobaki.

"Nijengee na mimi," alisema. "Karibu na dada, lakini si mlango kwa mlango. Alikuwa anakoroma yule."

Mchoraji akacheka, akachagua wingu lililokuwa wazi, akaanza na ukuta wa upande wa jua.