Mwambie Asisimame

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, trela la boti lilikuwa tupu.

Lilikuwa mahali pake pa siku zote yadini, kando ya boti ya daktari wa meno, na magurudumu yake yalikuwa yamelowa. Mistari miwili ya maji ilitoka kwenye mteremko wa kushushia boti ikaja kuishia pale. Mkaguzi, mwenye boti, alisimama akaitazama. Kwa mkono mmoja alishika mfuko wenye mkate na mayai ya kuchemsha. Mkono wa pili ulikuwa mfukoni mwa ovaroli, na ndani ya ngumi yake alikuwa ameshika kizibo.

Kilikuwa kizibo cha shaba, kinene kama kidole gumba. Boti ndogo ina tundu chini kabisa, upande wa nyuma. Ikiwa nchi kavu tundu huachwa wazi, maji ya mvua yatoke. Kabla ya kuingia baharini kizibo hurudishwa na kukazwa. Wengine hukiacha kikining'inia palepale. Yeye alikwenda nacho nyumbani. Kazi yake ilikuwa kukagua lifti za maghorofa, na katika kazi hiyo anayefungua kifaa cha usalama huondoka nacho, mtu asije akawasha lifti mwenzake yumo shimoni. Mazoea ya namna hiyo hayavuliwi Ijumaa jioni pamoja na viatu.

Wiki nzima alipanda na kushuka ndani ya masanduku ya chuma, akipumua grisi na marashi ya watu asiowajua. Jumamosi ilikuwa yake. Boti ilikuwa ya fiberi, nyeupe, ya kuchukua watu watano, lakini aliyepanda alikuwa mmoja. Alikwenda nayo hadi pale ambapo nyumba za ufukweni hubaki kama meno ya mtoto, akazima injini, akamenya yai, akasikiliza maji yakigonga chini ya sakafu. Hakuna aliyemwambia, “Dada, naomba mara moja.” Alipenda hata kazi zake: kuisuuza injini kwa maji yasiyo na chumvi, kupaka grisi, kukunja kamba ikakaa sawa. Yeye ndiye kifungua mimba, na kila alichonunua maishani kilikuwa kimegeuka cha ukoo. Makochi yalikuwa kwa mama. Gari lilirudi kila mara tangi likiwa kavu. Boti tu ndiyo haikuwa na mjomba wala shangazi.

“Mlinzi, boti yangu iko wapi?”

Mlinzi wa yadi aliweka kikombe chini. “Si mdogo wako kaichukua, dada? Kaja na ufunguo mkononi. Yuko na mama mzazi, na mchumba, na baba mkwe kavaa suti utadhani anakwenda kuapishwa. Mimi mwenyewe nimewasaidia kusukuma.”

“Ulitazama tundu la nyuma?”

“Mimi nazuia wezi, dada. Kwa ndugu sina amri.”

“Na maboya ya kuvaa?”

“Yako kabatini, na kabati umelifunga wewe.”

Simu ya mdogo wake iliita mpaka ikakatika. Alipompigia mama, mama alipokea mara moja, sauti yake ikipigana na upepo.

“Tuko baharini, mwanangu! Tunapunga upepo na wakwe. Kumbe kuzuri hivi, mbona hukuniambia?”

Alikuwa amemwambia mara nyingi, na kila mara alijibiwa kwamba mwanamke mwenye akili zake haendi kukaa peke yake juu ya maji. “Mama, miguu yako imelowa?”

“Kidogo. Mdogo wako anasema boti zote ziko hivyo.”

“Maji yamefika wapi?”

“Yamefunika viatu. Vya mkwe ni vya ngozi, jamani, naona haya mimi.”

“Boti inakwenda au imesimama?”

“Inakwenda. Tunataka kusimama sasa hivi tupige picha.”

“Mwambie asisimame.”

“Nini?”

“Asisimame, mama! Mpe simu.”

Boti inayokimbia hunyonya maji yake yenyewe na kuyatema kwa lile tundu la nyuma. Ikipunguza mwendo, tundu lilelile huyaingiza. Kwa hiyo waliokuwa ndani walikuwa salama kiasi, alimradi dereva asijue adabu ya kusimama na kuwaonyesha wageni mandhari.

“Dada, niko na wageni,” alisema mdogo wake. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na katika umri wa miaka thelathini na moja bado aliitikia kama mtu anayesubiri kukatiwa nyama.

“Boti haina kizibo, ninacho mimi. Ukipunguza mwendo inajaa, na ikijaa inazama. Mama hajui kuogelea. Umenielewa?”

Sauti ya Kitinda ikabadilika, ikawa nene, ya mtu anayejua kwamba wengine wanamsikiliza. “Sawa, fundi. Umesahau kizibo, siyo? Haya, yametokea. Leo sikufukuzi kazi, tutazungumza baadaye.”

Damu ilimpanda Mkaguzi mpaka masikioni. Maneno yalimjaa mdomoni, mengi na ya haki, na kila moja lingechukua muda ambao mama hakuwa nao. Aliyameza.

“Geuza polepole bila kupunguza moto,” alisema. “Njoo moja kwa moja kwenye mchanga chini ya yadi. Chini ya usukani kuna swichi ya pampu, iwashe.”

“Ziko tatu hapa.”

“Imeandikwa pampu, si hii?” ilisikika sauti ya msichana. “Nimewasha.”

“Ukikaribia mchanga, bonyeza kitufe kilicho kwenye mkono wa gia, injini iinuke. Usipofanya hivyo utavunja propela.”

“Najua, fundi,” alisema Kitinda, naye hakujua.

Boti ilitokea pua juu, nyuma imezama kama mtu aliyekalia kigoda kifupi. Msichana alikuwa amepiga magoti, anachota maji kwa mfuniko wa boksi la barafu na kuyamwaga nje bila kupumzika. Mama alishika ukingo kwa mikono miwili. Baba mkwe alikaa wima katikati, suti yake ya kijivu imelowa hadi magotini, na Kitinda alisimama kwenye usukani amevaa miwani ya jua. Injini haikuinuka. Iling'ata mawe madogo yaliyo chini ya mchanga, ikapiga kelele ya chuma, ikazimika. Boti ilipanda ufukwe ikasimama ghafla, na baba mkwe akaangukia kapu la vyakula.

Hakuna aliyeumia. Mkaguzi alihakikisha hilo kwanza, mtu mmoja mmoja, akianza na mama, kisha akazunguka nyuma akaingia majini hadi vifundoni. Maji ya bahari yalikuwa yanajaa. Yaliyokuwa ndani ya boti yalitoka kwa tundu kama bomba lililofunguliwa, na yalipokwisha alisokota kizibo akakikaza. Akaitazama propela. Mapanga yake mawili kati ya matatu yalikuwa yamepinda. Ndani ya sanduku la boti mlikuwa na propela ya akiba na spana, kwa kuwa yeye ndiye aliyeviweka humo.

“Pole, mzee,” Kitinda alikuwa anasema juu ya mchanga. “Mafundi wa siku hizi! Unamwamini mtu, kumbe akili yake iko sokoni.”

Mama alishuka hadi ukingo wa maji, viatu mkononi, akainama kama anayetafuta kitu. “Mwanangu,” alinong'ona. “Nakuomba. Leo tu.”

“Leo tu nini?”

“Shusha sauti. Mzee alitaka kuona kijana ana nini. Mdogo wako ana nini, wewe unajua. Nikampa ule ufunguo wa akiba uliouacha kwangu. Mwache apate jiko. Kesho itarudi kuwa yako.”

“Leo ni ya nani?”

“Utakufa kwa kuniuliza hivyo?”

“Umepanda chombo kisicho na kizibo, mama, bila boya, hujui kuogelea, ili uongo wake upate shahidi.”

“Mimi sikujua ni kibovu.”

“Hakikuwa kibovu. Kilikuwa kimefunguliwa na mwenyewe.” Alichomoa pini, akaanza kulegeza nati. Mikono yake ilikuwa imetulia. Alijua kabisa kilichokuwa kinaombwa. Akinyamaza leo, Jumamosi ijayo Kitinda atakuja na shemeji zake, na inayofuata na marafiki wa shemeji, na yeye atakuwa ni yule fundi wa kuosha wakisharudi.

Baba mkwe alikuja akichuruzika maji. Alikuwa hakimu mstaafu, mtu aliyezoea kuuliza na kujibiwa. “Kijana,” alimwita Kitinda. “Huyu ndiye fundi wako?”

“Ndiye. Yaani, ni dada yangu pia. Ananiangalizia boti.”

“Boti ni ya nani?”

Mama aliwahi kabla ya wote. “Ya wanangu, mkwe. Kwetu hakuna changu wala chako.”

“Ni yangu,” alisema Mkaguzi.

Hakupaza sauti. Alikuwa ameshika propela iliyopinda mkononi, na aliendelea kuishika. “Nimeinunua mimi, naiendesha mimi, na asubuhi ya leo imetolewa yadini bila mimi kujua. Mdogo wangu hajawahi kuiwasha kabla ya leo. Kama angekuwa amewahi, angejua kwamba kila boti ina kizibo.”

“Dada!” Kitinda aliivua miwani. “Si useme tu umeniwekea mtego? Unajua mama yumo, umekaa na kizibo mfukoni. Mzee, huyu ana wivu tangu nazaliwa.”

“Kizibo nilikitoa Jumamosi iliyopita, kama kila Jumamosi. Wewe umechukua ufunguo leo. Nani alimtegea nani?”

“Umenivua nguo mbele za watu!”

“Ulizivaa za kwangu.”

Mchumba wa Kitinda, aliyekuwa amekaa juu ya mchanga akiminya maji kwenye gauni, alicheka. Ilimtoka mara moja tu, akaziba mdomo. Kitinda akamgeukia kama aliyepigwa kofi.

“Na wewe?”

“Mwezi mzima unaniambia unaamka alfajiri kuja kupaka grisi,” alisema msichana. “Nilikuwa nakuonea huruma.” Akanyanyuka, akamkabidhi Mkaguzi ule mfuniko wa boksi. “Asante, wifi. Au sijui nikuite nani.” Kisha akamshika baba yake mkono.

Hakimu mstaafu alimwambia mama kwamba wao watatangulia, mazungumzo mengine yatasubiri nguo kavu. Wakapanda ufukwe kuelekea barabarani. Kitinda aliwaita mara mbili. Hawakugeuka, na gari lao likaondoka.

“Nipe ufunguo wa akiba,” alisema Mkaguzi.

“Unautaka? Kaufuate!” Kitinda aliutoa mfukoni akaurusha kwa nguvu zake zote.

Uliruka mbali, ukaanguka majini, ukaibuka. Mkaguzi alikuwa ameufunga kwenye kiboya kidogo, kama wafanyavyo wenye boti wote, kwa kuwa hakuna mwenye boti ambaye hajawahi kuangusha ufunguo. Sasa ulielea, na maji yaliyokuwa yanajaa yakaanza kuurudisha taratibu. Wote watatu walisimama kuutazama. Kitinda alisema neno moja lisiloandikika, akaokota viatu vyake, akaondoka kwa miguu.

Mkaguzi hakuufuata ufunguo. Alivisha propela mpya kwenye ekseli, akafunga nati, akatia pini, akazikunja ncha zake kwa koleo. Mama alibaki palepale.

“Hata pole hunipi,” alisema mama. “Nimeponea chupuchupu, na mtoto wangu kakosa mke.”

“Nilikupigia simu, mama. Hiyo ndiyo pole niliyokuwa nayo.”

“Una moyo wa jiwe.”

“Kwa nini hukuniomba mimi? Ungesema, ‘Mwanangu, wapeleke wakwe matembezi.’ Ningewapeleka.”

“Ingekuwa ni wewe unayetembeza wakwe,” alisema mama. “Si yeye.”

“Basi.”

Ufunguo ulikuwa umefika kwenye maji mafupi, ukisukumwa mbele na kuvutwa nyuma. Mama aliutazama kwa muda. Kisha akaingia majini na gauni lake, akauokota, akaja nao hadi kwenye boti. Hakumpa mkononi. Aliuweka juu ya ukingo, mbele ya uso wa binti yake.

“Sitaushika tena,” alisema.

“Sitauacha tena kwako.”

Mama alipanda ufukwe peke yake, gauni limemganda miguuni, akaufuata upande aliokwenda Kitinda.

Saa nne na nusu maji yaliinua boti. Mkaguzi aliisukuma kwa bega, akapanda, akawasha. Injini haikuwaka mara ya kwanza. Mara ya pili iliwaka.