Noti za Ukutani

Mimi nikiogopa, nabandika. Wengine wakiogopa hula, wengine huomba. Mimi hutafuta selotepu. Ndiyo maana msimu ule nyumba yetu ya Gesima haikuwa na ukuta uliobaki wazi. Sheria ya ushahidi ilikuwa nyuma ya mlango, sheria ya ardhi juu ya kitanda, nayo jinai ilizunguka dirisha mpaka ikafunika kioo cha kujitazamia. Mokua, mume wangu, akawa ananyoa ndevu kwa kupapasa.

"Linet, siku moja nitajikata koo humu ndani, na wewe ndiwe mshukiwa," aliniambia.

"Jikate uone," nikamjibu. Sikuwa na nafasi ya mzaha. Mtihani wa kutafuta mahakimu ulikuwa unakaribia, mamia ya watu kwa nafasi chache, na mwaka uliotangulia ulinitoa kamasi. Niliketi ukumbini, nikaandika jina langu na nambari, kisha kichwa kikawa cheupe pe! Nilirudisha karatasi karibu tupu. Sasa tulikuwa tumekubaliana na Mokua kwamba nikianguka tena naiacha sheria kabisa, naenda kuuza dawa za mifugo katika duka la dada yake kule Nyamarambe. Dawa za mifugo si kazi mbaya. Lakini mimi nilitaka kuketi kortini nisikilize kesi, na nilitaka vibaya sana.

Noti zenyewe zilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Vifungu kwa wino mwekundu, kesi kwa kijani, maelezo kwa buluu. Sikuacha kitu. Niliponakili ukurasa nilisikia nafuu kidogo, nikabandika, nikaendelea na mwingine.

Halafu asubuhi moja tulikuwa tunachuma chai, mimi na mama mkwe wangu, Bonareri. Akaniuliza, kupitisha wakati tu, nimesoma nini kabla ya kuja shambani. Nikafungua mdomo. Karatasi niliiona akilini vizuri kabisa: iko chini ya bawaba ya mlango, pembe yake moja imekunjika. Maandishi sikuyaona.

"Ni mambo ya maungamo, mama," nikasema.

"Yanasemaje?"

"Yanasema... ni marefu."

Akaendelea kuchuma. Mimi baridi ilinipanda kutoka miguuni, na jua lilikuwa linawaka. Nikajaribu ya ardhi: juu ya kitanda, upande wa kushoto. Nikajaribu ya jinai: karibu na pazia. Yesu wangu! Nilikuwa nimekariri nyumba, si sheria. Na huko ukumbini kuta ni za wenyewe, hazina noti zangu.

Sikumwambia mtu. Nilifanya kile mwoga hufanya: nikarudi nyumbani nikaongeza karatasi.

Siku ya mwisho kabla ya mtihani, Mokua alikuwa kazini Kisii mjini na mama amepeleka majani ya chai kituo cha kupimia. Mchana huo nikasimama katikati ya nyumba nikafumba macho nijipime. Hakuna. Nikafumba tena. Hakuna! Nilianza kuhema, kisha nikawa nahema na hewa haiingii, nikaketi sakafuni nikalia kwa sauti, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Baba mkwe wangu, Mzee Ongeri, alikuwa anakata nyasi za nepia za ng'ombe kando ya boma. Nikasikia gambuti zake zinakuja mbio.

"Mokamwana! Kuna nini?" Ndivyo anavyoniita, mke wa mwana.

"Hakuna, baba."

"Mtu halii hivyo kwa sababu ya hakuna. Umeumia?"

Pumzi ilikataa. Yeye akaita jina la mama, akaita la Mokua, na hakuna aliyeitika.

Lazima nieleze. Kwetu Gusii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Tunaita chinsoni, ni heshima na haya pamoja, na Mzee Ongeri aliishika kuliko mtu yeyote ninayemjua. Tangu niolewe alikuwa hajawahi kuona rangi ya viti vyangu. Akileta ndizi, anaziweka uwanjani, anakohoa, anaondoka.

Mlango ukasukumwa. Karatasi za ushahidi zikachakarika. Nikainua macho nikaona gambuti moja, imejaa matope, imekanyaga ndani ya kizingiti.

"Baba, usiingie!"

Sijui miguu niliipata wapi. Niliogopa mtihani, naam, lakini kumwona mzee yule akijiaibisha kwa ajili yangu niliogopa zaidi. Nilitoka mbio nusura nimwangushe, nikasimama uwanjani bila viatu, na pumzi ikarudi.

Alivuta mguu wake nyuma, akautazama.

"Hii haijatokea," akasema.

"Haijatokea, baba."

Akageuka ubavu ili tusitazamane usoni, kama ilivyo adabu. "Sasa niambie kinachokuliza."

"Nimesahau sheria yote. Kesho nitaaibika tena."

"Niambie ile umesahau."

"Nikisahau nitaisemaje?" Nilimfokea! Baba mkwe! Nikauma ulimi. Yeye akakuna shingo.

"Basi ngoja mimi niulize. Ombui analima kale kashamba kangu ka mtoni. Mwisho atasema ni kake?"

"Ameanza kulima lini?"

"Kabla uolewe. Kitambo sana."

"Na wewe ndiwe ulimruhusu?"

"Nilimwambia alime tu. Ni jirani."

"Basi hawezi kudai. Mtu anayekaa kwa ruhusa yako si mwenyewe, hata azeeke pale. Angekaa bila ruhusa, wazi, miaka kumi na miwili, nawe unamwona na umenyamaza, hapo angeenda kortini."

"Kumi na miwili peke yake?" Mzee akashtuka, akasahau adabu akanitazama. "Nani alikubali hiyo?"

"Ni sheria, baba." Nikamtajia kifungu. Kikatoka chenyewe. Nilishtuka kuliko yeye, maana hakuna mahali nilipokuwa nimebandika habari ya Ombui.

"Uliza nyingine," nikasema, haraka, kabla hofu haijarudi.

Akauliza ya kijana wa Omosa, aliyekubali kituo cha polisi kwamba aliiba ng'ombe. "Si kesi imeisha?"

"Alikubali mbele ya nani? Kama si jaji wala hakimu, ni askari wa cheo gani? Na alikuwa na mtu wake, aliyemchagua mwenyewe?"

"Sijui."

"Basi haijaisha."

Mvua ikaanza. Yeye hakuweza kuingia kwangu, nami sikutaka kurudi kwenye zile kuta, kwa hivyo yeye akajibanza chini ya paa la jikoni na mimi nikabaki uwanjani nalowa. Akauliza ya mbuzi, ya wosia, ya mpaka, ya mke aliyefukuzwa. Mengine nilijibu, mengine nilikwama, nikarudi nyuma nikaanza upya. Moyo haukuacha kunidunda hata mara moja.

Mokua aliporudi alinikuta nimepanda kitandani nabandua karatasi ya mwisho. Kuta zilikuwa tupu. Akasimama mlangoni, mkoba mkononi, uso umemshuka.

"Linet. Umeamua kuacha?"

"Hapana, ila bado naogopa," nikamwambia. "Njoo ukae hapa uniulize."